Kabla ya Kuuliza Bei ya Jino la Kupandikiza, Uliza Habari za Mfupa

Tangu nipandikize jino, yaani kuwekewa skrubu ya titaniamu ndani ya taya na jino la bandia juu yake, ndugu na majirani wananiuliza jambo moja tu: bei gani? Nawaelewa, maana hela yake si ndogo. Ila anayeanza na bei huishia kulinganisha mabango ya kliniki, kumbe gharama inaamuliwa zaidi na kitu kisichoandikwa kwenye bango lolote, yaani mfupa uliobaki pale jino lilipotoka.

Mimi niling'olewa gego la chini miaka mingi iliyopita. Kidonda kikapona, nikazoea kutafunia upande mmoja. Kumbe huku nyuma jino la jirani lilikuwa linalalia pengo, la juu linashuka taratibu kumtafuta mwenzake, na mfupa unaisha. Mzizi ukishaondoka, mfupa wa pale hukosa kazi ukaanza kusinyaa. Upana wake unaweza kupungua karibu nusu ndani ya miezi 12 ya kwanza, na sehemu kubwa ya hasara hiyo hutokea katika miezi 3 ya mwanzo. Kwa hiyo kama unakwenda kung'oa jino wiki hii na una nia ya kupandikiza siku za mbele, mwambie daktari kabla hajashika koleo. Anaweza kuling'oa kwa utaratibu wa kulinda kuta za mfupa, na akiona inafaa, akajaza shimo palepale.

Eksirei ya kawaida haitoshi. Inaonyesha urefu wa mfupa, unene hauonekani. Daktari wangu alinipeleka kupiga picha ya CT ya taya, kisha akanigeuzia kompyuta nione mwenyewe, taya langu limekatwa slesi slesi kama mkate. Akaweka kidole kwenye kijiduara cheusi kilichokuwa kinajirudia katika kila slesi. Akasema huo ni mfereji unaopitisha mshipa wa fahamu wa mdomo wa chini na kidevu. Skrubu ikiuumiza, mdomo unaweza kubaki na ganzi kwa miezi, pengine maisha. Akapima kutoka juu ya mfupa hadi kwenye mfereji, akaacha milimita 2 za usalama, ndipo akachagua urefu wa skrubu. Ukiona mtu anataka kukuwekea skrubu nyuma ya taya la chini bila kupima mshipa huo, shukuru uondoke.

Mfupa wangu ulikuwa mwembamba, ikabidi uongezewe. Hapa kuna swali ambalo wengi wanaona haya kuliuliza. Unga wa mfupa unaotumika unaweza kuwa wa ng'ombe, wa nguruwe, wa binadamu aliyechangia, au wa kutengenezwa maabara. Utando wa kufunika juu yake nao mara nyingi hutokana na nguruwe. Mimi ni Mwislamu, nikauliza. Daktari hakushangaa hata kidogo. Alileta boksi tukasoma pamoja maandishi ya ubavuni, akasema vya ng'ombe vipo ila itabidi viagizwe. Nikasubiri viagizwe. Iwe ni dini au msimamo wako mwingine wowote, uliza mapema, kwa sababu ukishalala kwenye kiti umechomwa ganzi, muda wa kuchagua umepita.

Upasuaji wenyewe sina mengi ya kusema. Unasikia mtetemo na kusukumwa, maumivu hakuna. Shavu lilivimba, nikala mtori uliopoa na uji, chai ya moto nikaiacha kwanza.

Kinachochosha ni kusubiri. Mara nyingi ni miezi 3 hadi 6 kabla ya kuwekewa jino lenyewe juu ya skrubu, ili mfupa ukue na kuishika titaniamu. Jambo hilo aliligundua Per-Ingvar Brånemark, daktari mtafiti wa Uswidi, mwaka 1952, aliposhindwa kuvitoa vifaa vya titaniamu alivyokuwa ameviweka kwenye mifupa ya sungura. Mwaka 1965 akampandikizia Gösta Larsson, mgonjwa wake wa kwanza, na skrubu zile zilidumu mdomoni mwake mpaka alipofariki mwaka 2006. Zipo hali ambazo jino la muda huwekwa siku hiyohiyo, skrubu ikiwa imekaza sawasawa. Lakini anayemwahidi hivyo kila mtu kabla hata ya kuona picha, huyo yuko kwenye biashara.

Mjomba wangu ana kisukari. Alipokwenda na yeye, daktari alimrudisha akapime kwanza HbA1c, kile kipimo kinachoonyesha sukari ya miezi kama mitatu iliyopita. Mjomba alinuna, akasema anazungushwa. Mimi nilimwambia huyo ndiye daktari wa kumshika, kwani sukari isiyodhibitiwa huchelewesha kidonda na kuinyima skrubu nafasi ya kushikana. Sigara nayo inaharibu vilevile. Na kama unatumia dawa za kuimarisha mifupa, hasa zile za sindano wanazopewa baadhi ya wagonjwa wa saratani, zitaje hata kama hujaulizwa.

Si kila pengo linataka skrubu yake. Mama mkubwa hana jino hata moja chini, na meno yake ya bandia yalikuwa yanaelea kila akila. Aliwekewa skrubu mbili tu mbele, meno yakabanwa juu yake kwa vifungo, na usiku anayavua kuyaosha. Leo anakula pweza. Kijana ambaye taya bado linakua anapaswa kusubiri, hata kama pengo ni la mbele na linamtia unyonge. Atumie jino la kubandika kwanza.

Skrubu haiozi, lakini fizi inayoizunguka inaugua, na ugonjwa huo unakula mfupa kimyakimya. Mimi natumia brashi ndogo ya kupita katikati ya meno kila usiku, na nikiona damu pale sisubiri tarehe ya kliniki.

Sasa ndiyo tuje kwenye bei. Omba iandikwe yote kwenye karatasi moja: picha, mfupa wa kuongeza kama upo, skrubu, kiungo cha juu yake, taji (yaani jino lenyewe linaloonekana), na kuangaliwa baadaye. Tangazo la bei ya kuvutia mara nyingi linahesabu skrubu peke yake. Tena dai uandikiwe jina la kampuni ya skrubu, upana na urefu wake. Kila kampuni ina vifaa vyake vya kufungia. Umepandikiziwa Dar, taji likalegea ukiwa Mwanza, daktari wa kule hawezi kulikaza vizuri bila kujua ni skrubu ipi. Kama ulishatoka kliniki bila kuandikiwa, piga simu wakuandikie.