Dar hadi Mwanza kwa ndege: umbali na muda

Ndugu, kutoka Uwanja wa Julius Nyerere hadi Mwanza ni kama kilomita 850 hewani. Usishangae mwingine akikutajia 1,100 na ushee: huyo anahesabu barabara, inayozungukia Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga.

Muda sasa unategemea ndege utakayopangiwa. Jeti kama Airbus A220 hutumia takriban saa moja na nusu, wakati mwingine pungufu kidogo. Ukipata ile ya mapangaboi, Dash 8 Q400, weka karibu saa mbili, maana mwendo wake ni mdogo. Na muda ulioandikwa kwenye tiketi huwa umejumlisha kutambaa uwanjani kabla ya kuruka, kwa hiyo angani kwenyewe mnakaa pungufu ya hapo. Ikipitia Kilimanjaro kushusha abiria, hesabu hiyo yote isahau.

Kama unaunganisha safari, usibane muda. Mimi foleni ya Barabara ya Nyerere, ile ya kwenda uwanjani Dar, huiogopa kuliko safari yenyewe. Omba kiti cha dirishani. Uwanja wa Mwanza uko kando kabisa ya ziwa.