Ushauri uliosahaulika: lipi la kufuatilia na lipi la kuachilia

Mwenzetu aliyeanzisha uzi huu anashughulikia mifumo ya kompyuta. Anaeleza kwamba aliishauri kampuni moja ya uchukuzi iweke nakala za data zake mahali mbali na ofisi, wakuu wakaitikia bila kufanya lolote, na kompyuta kuu ilipoharibika wakasema hawakuwahi kuambiwa. Sasa wamekubali kuweka nakala hizo, ila wazo linatajwa kuwa la mpwa wa mkurugenzi. Anauliza kama awaonyeshe barua pepe aliyowatumia wakati ule, au anyamaze asije akakitia kitumbua chake mchanga.

Majibu mengi yaliyotangulia yamekimbilia shukrani ya punda. Mimi naona kuna mambo mawili hapo yasiyofaa kutiwa kapu moja. La kwanza ni ushauri uliofuatwa huku jina la aliyeutoa likipotea. La pili ni ushauri usiofuatwa, hasara ikatokea, kisha ikadaiwa kwamba haukutolewa. La kwanza linaudhi tu, lakini la pili laweza kukufikisha mahakamani, na ajabu ni kwamba wengi wetu hupigania lile la kwanza na kuliacha hili la pili lipite.

Mimi ni mhasibu wa mambo ya ushuru, na wateja wangu wengi ni wafanyabiashara wa katikati ya jiji la Nairobi na wenye nyumba za kupangisha mitaani. Kazi yangu kubwa ni kuwaeleza watu mambo wasiyotaka kuyasikia, tena wakati ambapo bado hayajawauma. Tuchukue suala la msamaha wa adhabu na riba. Sheria ya Fedha ya Kenya ya 2023 ilimruhusu mtu mwenye malimbikizo ya ushuru ya hadi tarehe 31 Desemba 2022 alipe ushuru wenyewe kufikia tarehe 30 Juni 2024, naye asamehewe adhabu na riba. Nilimweleza hayo mteja wangu mwenye duka la vipuri vya magari Kirinyaga Road. Alikuwa nyuma ya kaunta, mkono mmoja ukiandika risiti, mwingine ukilinganisha beringi mpya na ile kuukuu iliyojaa grisi ambayo fundi alikuwa ameileta ikiwa imefungwa kwa gazeti, huku kijana wake akipaza sauti kutoka stoo kuuliza bei. Akaniitikia, "Sawa, sawa, mhasibu." Jioni nikamwandikia ujumbe wenye tarehe na kiasi anachodaiwa. Juni ikaja, ikapita.

Mwishoni mwa mwaka huo, marekebisho ya Sheria ya Taratibu za Ushuru yaliufungua mlango tena, safari hii kwa malimbikizo ya hadi tarehe 31 Desemba 2023, na siku ya mwisho ikawa tarehe 30 Juni 2025. Nikamwandikia tena. Baada ya majuma kadhaa akanipigia simu, sauti yake ikiwa na furaha iliyochanganyika na lawama: "Mhasibu, kwani wewe husikilizi redio? Serikali inasamehe riba, na nyinyi wasomi hamtuambii!" Nikamjibu, "Ni kweli, mzee, tena muda wenyewe ni mfupi. Niletee vitabu vya miaka hiyo kesho." Akavileta, akalipa kwa awamu, riba ikafutwa. Hadi leo huwaambia majirani zake kwamba redio ndiyo iliyomwokoa, na mimi nikiwapo hukubaliana naye.

Sikunyamaza kwa unyenyekevu, maana sina mwingi wa kujivunia. Nilipima faida. Kama ningemfungulia ujumbe wangu wa kwanza siku ile, angeona haya mbele ya kijana wake, na mtu mwenye haya huahirisha jambo. Sisi hatukuwa na muda wa kuahirisha. Wala mzee hakuwa akidanganya. Mwaka wa 1951 Carl Hovland na Walter Weiss wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba, baada ya wiki nne hivi, watu hubaki na maoni waliyoyapata katika maandishi fulani lakini huacha kuyahusisha na aliyeyatoa, hata ile tofauti ya awali kati ya msemaji anayeaminika na asiyeaminika ikafifia. Nadhani ushauri wa kitaalamu hupatwa na hali hii zaidi ya maneno mengine, kwa sababu ukishaeleweka vizuri huonekana kuwa jambo la wazi ambalo hata mtoto angelijua. Huyo mpwa wa mkurugenzi huenda hata hakudai chochote. Huenda alilitaja tu siku ambayo kidonda kilikuwa bado kibichi.

Mambo hubadilika pale pesa zinapopotea. Mama mmoja ana nyumba za kupangisha Kahawa West, na kwa mfano tuseme kodi anazokusanya ni shilingi 200,000 kwa mwezi. Kwa mwenye nyumba anayepata kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka, ushuru wa kila mwezi umekuwa asilimia 7.5 tangu Januari 2024, baada ya kuteremshwa kutoka asilimia 10, nao hutozwa kwenye kodi yote bila kutoa gharama yoyote. Anayetaka kutoa gharama za ukarabati na riba ya mkopo sharti amwandikie Kamishna wa ushuru aondolewe katika mpango huo, kisha atoe hesabu za mwaka kama wafanyabiashara wengine. Nilimweleza njia zote mbili. Hakuchagua hata moja. Aliendelea kuondoa kwenye kodi hiyo shilingi 60,000 za mafundi na rangi kabla ya kupiga hesabu ya ushuru, akalipa 10,500 badala ya 15,000, na ile 4,500 iliyosalia kila mwezi ikawa inaongezewa adhabu ya asilimia 5 na riba ya asilimia 1 kwa mwezi.

Barua ya madai ilipofika aliniita nyumbani. "Wewe hukuniambia, mwanangu. Ungeniambia ningekataa?" Mwanawe aliye ng'ambo alikuwa kwenye simu, akitaka kujua ni nani atakayezilipa adhabu hizo. Hapo kunyamaza kungekuwa upumbavu. Nilikuwa na karatasi moja niliyompelekea baada ya kikao chetu: tarehe, alichouliza, njia mbili nilizompa, hasara ya kutochagua ikiwa imeandikwa kwa shilingi, na mwisho jibu lake mwenyewe kwamba atafikiria kwanza. Niliwasomea yote, lakini sikuanza na "nilikuambia". Nilianza hivi: "Mama, tarehe hii tulizungumza, ukasema utafikiria, na mpaka sasa nilikuwa nikingoja uamuzi wako." Mwanawe hakuuliza tena. Tukarekebisha taarifa zilizotangulia, na mama akachagua njia ya asilimia 7.5 kwa sababu ile nyingine ilimtaka atunze risiti za mafundi, nao mafundi wake hawatoi risiti.

Kwa hiyo, ndugu yangu, karatasi hiyo ndiyo ninayoishughulikia kuliko sifa. Naiandika siku hiyo hiyo, kwa maneno ambayo mteja mwenyewe angeyatumia, na huwa haizidi ukurasa mmoja. Siweki mambo sita ndani yake, kwa kuwa ukimpa mtu mambo sita atachukua lile jepesi na mengine utayabeba wewe. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp siuamini kwa kazi hii, maana hakuna anayerudi kuusikiliza dakika nne zote kutafuta sentensi moja. Naomba jibu, hata likiwa "nimeona" tu. Kisha natunza nakala kwa muda usiopungua miaka sita, kwa sababu hapa Kenya madai ya kuvunjwa kwa mkataba yanaweza kufunguliwa ndani ya miaka sita, ingawa sheria ya ushuru humtaka mlipaji atunze hesabu zake kwa miaka mitano.

Kuna jamaa hapo juu amesema kwamba ushauri wa bure hauna deni. Asijidanganye. Katika kesi ya kampuni ya Hedley Byrne dhidi ya benki ya Heller, iliyoamuliwa Uingereza mwaka wa 1963, ambayo mahakama zetu pia huirejelea, ilikubaliwa kwamba mtaalamu anaweza kuwajibika kwa maneno aliyoyasema hata kama hakulipwa, ikiwa alijua kwamba mwenzake atayategemea. Benki iliyoshtakiwa iliponea kwa kuwa ilikuwa imetangulia kusema kwamba haibebi dhamana. Nami huulizwa mambo ya ushuru kwenye matanga, kwenye harusi, hata ndani ya matatu ya Thika Road. Siku hizi husema: "Lete karatasi ofisini niione, kwa sasa siwezi kukuambia neno la kutegemea." Wengine huniona nina maringo, na sina la kufanya.

Kwa walioajiriwa hali ni tofauti kidogo, kwa kuwa jina likipotea hata cheo huweza kupotea nalo. Liandike pendekezo lako katika ripoti yako ya kazi pamoja na tarehe, msimamizi alikute hapo wakati wa tathmini, badala ya kubishana naye mkutanini mbele ya watu. Na mteja akikataa ushauri kwa sababu anataka kuwasilisha taarifa anazojua ni za uongo, hilo si suala la kusahauliwa tena. Kanuni za maadili za ICPAK, taasisi ya wahasibu wa Kenya, hazimruhusu mhasibu kuhusishwa na taarifa za namna hiyo, na hapo mimi huandika barua ya kujitoa.

Sasa nirudi kwa mwuliza swali. Ile barua pepe ya zamani usiitume peke yake, itasomwa kama mashtaka. Andika mpya inayohusu mpango wa sasa wa nakala za data, na ndani yake utie sentensi moja tu, "kama nilivyopendekeza katika barua pepe ya tarehe fulani, ambayo nimeiambatanisha," kisha uendelee na linalofuata, kwa mfano nani atajaribu kurejesha data kutoka kwenye nakala hizo na mara ngapi, maana nakala ambayo haijawahi kujaribiwa haina uhakika. Mwombe mkurugenzi ajibu kwa maandishi. Suala la mpwa usiligusie kabisa. Lakini ile kauli kwamba hukuwaambia, ikirudiwa katika kikao chochote chenye kumbukumbu, iombe irekebishwe hapo hapo, kwa adabu, huku barua yako ikiwa mkononi. Na ikiwa kazi ya kuwatafutia data iliyopotea haikuwa katika mkataba wenu, itoze ada yake kamili. Usipunguze bei ili kuwaonyesha kwamba huna kinyongo.