Kabla hujatoa platini kwenye gari la zamani, anza na waya

Nina Volkswagen Beetle ya 1968 na naipenda sana hii gari, haya ninayoandika nimeyapitia kwa mikono yangu. Kwa muda mrefu ilikuwa inasumbua ikishapata moto, unaenda vizuri tu afu ghafla inaanza kumisi, ukisimama inazima, na kuwasha tena ni shughuli. Kila aliyeiangalia alisema ni platini hizo (vile vipande viwili vya chuma vinavyofunga na kufungua umeme wa koili ili plagi zitoe cheche), weka mfumo wa elektroniki badala yake utasahau. Nikanunua, nikafunga, siku mbili ikawa safi kabisa, ya tatu ikarudi kumisi vilevile.

Niliposhika mita ndo nikaelewa. Injini ikiwa saileni (inanguruma bila kukanyaga mafuta), kwenye betri nasoma volti 12.6, kwenye koili, ile inayokuza umeme wa kwenda kwenye plagi, nasoma 9.8. Beetle injini iko nyuma na swichi iko mbele, yaani umeme unatoka kwenye betri chini ya siti ya nyuma, unaenda mpaka mbele kwenye swichi, kisha unarudi tena nyuma hadi kwenye koili, safari yote hiyo kwenye waya wenye umri wa zaidi ya miaka 50. Nilipochuna ganda karibu na koili, shaba ndani ilikuwa imegeuka kijani, ukiikunja nyuzi zinakatika moja moja. Hapo hata ufunge moduli (kile kifaa cha elektroniki kinachochukua nafasi ya platini) nzuri kiasi gani haitakusaidia, maana haipati umeme wa kutosha.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndio ninaousisitiza kuliko yote, ni upime kabla ya kununua kitu. Kama bado una platini, pima kwenye koili swichi ikiwa on na platini zimefunga ili umeme uwe unapita, zikiwa wazi mita itakuonyesha volti nzuri hata waya ukiwa umeoza. Fanya haraka, usiache swichi on muda mrefu injini haizunguki, koili inachemka.

Afu ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia chuma cha gari! Watu wanaisahau sana. Injini na giaboksi vimekaa juu ya raba, kwa hiyo kuna mkanda wa shaba unaounganisha giaboksi na bodi. Weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini, mwenzio apige starta. Ikizidi nusu volti ethi yako ni mbovu. Yangu ilisoma 1.3, na miaka yote nilidhani starta imechoka. Nilifungua bolti, chini yake kulikuwa na kutu na rangi iliyopakwa juu ya kutu, nikasugua mpaka chuma kikang'aa pande zote mbili, nikafunga mkanda mpya na kupaka grisi juu. Starta ikazunguka kama gari jingine.

Kwa koili niliweka rilei huku nyuma, ni swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa, na miguu yake ina namba. Waya wa zamani kutoka kwenye swichi sasa kazi yake ni kuamsha rilei tu (86, na 85 inaenda ethi), umeme wenyewe unatoka kwenye betri kupitia fyuzi unaingia 30 na kutokea 87 kwenda kwenye koili. Fyuzi ikae karibu na betri, siyo mwisho wa waya. Taa kubwa nazo nilizifanyia hivyo hivyo, na mwanga ulibadilika kabla hata sijagusa balbu.

Baada ya hapo ndo elektroniki ikaonyesha faida yake. Platini zinalika, kile kiguu kinachosugua kwenye kamu kinaisha, nafasi ya 0.4 mm kati ya platini inapungua na taimingi (wakati wa cheche kuruka) inachelewa kidogo kidogo bila wewe kujua. Moduli ya sumaku haina cha kusugua. Ila angalia mambo haya: koili iwe na omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) zinazotakiwa na moduli yako (nyingi za silinda 4 zinataka kama 3), waya mwekundu wa moduli uende 15 ya koili (chanya) na mweusi uende 1 (hasi), ukigeuza unaiua papo hapo, na waya za plagi ziwe za kuzuia mwingiliano, siyo shaba tupu. Ukishafunga panga taimingi upya kwa taa ya taimingi, usikisie kwa sikio. Na kama shafti ya distribyuta (inayogawa umeme kwa plagi, na ndimo platini au moduli inapokaa) inacheza ukiitikisa kwa vidole, itengeneze kwanza.

Dainamo inayochaji betri bado sijaitoa, inanitosha. Ukienda kwenye alteneta kumbuka waya wa chaji uwe mnene zaidi, na taa nyekundu ya chaji kwenye dashibodi iwe nzima kwa sababu alteneta nyingi zinaamshwa kupitia balbu hiyo.

Platini za zamani na kondensa usitupe, nimezifunga kwenye kitambaa pamoja na bisibisi ndogo, zinakaa ndani ya gari. Moduli ikifa huwa haitoi taarifa, lakini platini unazirudisha barabarani kwa dakika ishirini.

Na tafadhali sana, wenye Beetle, hakikisheni betri ina kifuniko. Springi za siti ya nyuma zikigusa nguzo za betri mtu mzito akikaa, siti inashika moto.