Tafuta Watu Wanne wa Kukusomea Mswada

Mwandishi anayetafuta wenzake mara nyingi huanzia kwenye kundi kubwa la WhatsApp. Anaingizwa, anakuta watu mia na zaidi, salamu za asubuhi, matangazo ya vitabu na picha za uzinduzi. Anabandika sura ya kwanza ya riwaya yake, anapata vidole gumba kadhaa na "hongera sana kaka", na wiki inayofuata hakuna anayeikumbuka. Makundi hayo usiyaache, maana humo ndimo zinamopita habari za warsha, wachapishaji na mashindano kama Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Ila kusomewa mswada hadi ukurasa wa mwisho ni kazi ya watu wachache.

Wewe na wengine wanne mnatosha. Mkikutana mara mbili kwa mwezi na kila kikao kikisoma kazi za watu wawili, zamu yako inarudi kila baada ya wiki tano hivi, muda unaotosha kuandika sura na kuirekebisha. Mkiwa kumi, utasubiri zaidi ya miezi miwili na mswada utakuwa umepoa. Mkiwa watatu, mmoja akiugua na mwingine akipata msiba, kikao hakipo.

Watafute pale watu wanaposoma. Dar es Salaam kuna Soma, mgahawa wa vitabu unaowakutanisha wasomaji na waandishi. Kampala kuna FEMRITE, chama cha waandishi wanawake kilichoanza katikati ya miaka ya 1990 na kinachojulikana kwa vikao vyake vya kila wiki vya kusoma na kuhakiki kazi. Kama mjini kwenu hakuna mahali pa namna hiyo, nenda kwenye uzinduzi wa vitabu na maktabani. Anayeuliza swali zuri kuhusu kitabu cha mwingine ndiye wa kumfuata mkitoka nje, kuliko yule anayegawa kadi zake.

Usimwalike mtu moja kwa moja. Badilishaneni kwanza kurasa tano tano, mpeane wiki moja. Asiyerudisha kwa wakati hatarudisha baadaye. Si lazima muandike aina moja ya kazi, lakini kama unatunga mashairi ya vina na mizani, hakikisha kuna mtunzi mwingine kati yenu. Mwandishi wa riwaya anaweza kukwambia shairi limemgusa, asigundue kwamba "mkulima" ina mizani nne, m-ku-li-ma, na kwamba kipande chako kimefika tisa badala ya nane.

Kikao chenyewe kiendeshwe hivi. Siku tano kabla, mwenye zamu anatuma maneno yasiyozidi 2,000, ambayo ni kama kurasa nane zenye nafasi mbili kati ya mistari. Mkikutana, mtu mwingine, si mwandishi, anasoma ukurasa mmoja kwa sauti. Hapo ndipo sentensi iliyopinda inapojitokeza: msomaji anajikwaa, anarudi nyuma, anavuta pumzi mahali pasipo na mkato. Kisha kila mmoja ana dakika nne, na mwandishi ananyamaza na kuandika. Hii ndiyo kanuni ngumu kuliko zote na msiilegeze. Akianza kueleza "hapo nilimaanisha...", wenzake wataanza kuhakiki maelezo yake, nayo hayatakwenda na kitabu dukani. Maswali yake aulize mwishoni. Nusu saa inatosha kwa kila kazi.

Maoni yanayosaidia ni yale yanayosema nini kilimpata msomaji na mahali gani. "Hadithi nzuri, ongeza hisia" haimpi mwandishi pa kuanzia. Linganisha na hili: "Ukurasa wa tatu nilikuwa nimesahau kwamba Mwajuma ndiye mwenye ufunguo, kwa hiyo mlango ulipofunguka nikadhani ni mwizi." Mwandishi akisikia hivyo anajua ni ukurasa upi wa kushika, na dawa atajitafutia mwenyewe. Makosa ya l na r au h iliyodondoka yawekeeni alama kwenye karatasi na kumkabidhi. Yakizungumzwa kikaoni yatameza muda wote.

Kwetu kuna jambo moja linaloua vikundi vingi kimyakimya: heshima. Kijana akishamwamkia mzee shikamoo, hathubutu tena kusema kwamba sura ya pili imemchosha. Basi mdogo kwa umri aanze kusema na mkubwa amalizie. Kijana akisema wa kwanza, hana maoni ya mzee ya kuyaitikia.

Jihadharini na mjuaji anayewaandikia wenzake sentensi upya hadi kila hadithi inatoa sauti yake. Akumbushwe mapema, na kwa faragha. Pia yupo anayehakiki kila kikao lakini haleti kazi; zamu mbili zikipita bila ukurasa wake, wengine huanza kuona aibu kuleta rasimu mbichi mbele yake. Hofu ya kuibiwa kazi nayo ni ya kweli, hivyo tumeni kwa barua pepe, ibaki kumbukumbu ya tarehe, na mkubaliane kwamba hakuna anayesambaza faili la mwenzake.

Mkiwa mmetawanyika, saa mbili usiku ya Dar au Nairobi ni saa tatu Muscat na ni mchana kwa aliyeko Minneapolis. Bando likiwa haba, tumianeni maoni ya sauti, yasiyozidi dakika nne kila mtu, kabla ya siku mliyopanga.

Mwenzenu akinyamaza ghafla, msimuulizie kundini mbele ya wote. Mmoja ampigie simu, amjulie hali kwanza, halafu amwombe ukurasa mmoja tu wa kikao kijacho, hata kama haujakamilika.