Kiti cha Plastiki na Begi la Mgongoni

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza kama mtu anayeshinda ofisini, asiye na fedha za kulipia ukumbi wa mazoezi, anaweza kuujenga mwili wake akiwa nyumbani. Mimi ni mhasibu wa hapa Dar es Salaam na ninaishi katika chumba cha kupanga. Jibu langu ni kwamba anaweza, mradi azingatie jambo ambalo washauri wengi hulipita haraka: mwili hauongezeki nguvu kwa kurudia zoezi lile lile, bali kwa zoezi kuzidishwa ugumu kidogo kidogo kadiri unavyolizoea.

Madhara ya kukaa si habari mpya. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha uchunguzi kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London, ambako dereva alikaa zamu nzima ilhali kondakta alipanda na kushuka ngazi kutwa, na wakaona kwamba maradhi ya moyo yaliwapata makondakta kwa kiasi kidogo kuliko madereva. Kondakta hakulipia ngazi zile, nasi hatulipii ngazi za majengo yetu.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawataka watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na pia mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Sehemu ya kwanza inapatikana kwa kushuka daladala kituo kimoja kabla ya nyumbani na kutembea kwa kasi. Ile ya pili ndiyo inayosahauliwa, na kwa mtu wa mezani ndiyo yenye uzito zaidi, kwa kuwa mapaja na mgongo wake havipewi kazi mchana kucha.

Chukua kiti cha plastiki, ukiegemeze ukutani ili kisiteleze. Kaa, kunja mikono kifuani, simama bila kujisukuma kwa mikono, kisha rudi kukaa polepole huku ukihesabu mpaka tatu. Ni kule kushuka taratibu ndiko kunakoyafanyisha mapaja kazi. Ukiweza kurudia mara kumi na tano bila shida, vaa begi la mgongoni lenye chupa za maji. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo chupa sita za lita moja na nusu zinakupa kilo tisa, na unaweza kuanza na mbili tu. Pushapu nazo zianzie ukutani, zihamie kwenye ukingo wa meza imara, ndipo zifike sakafuni, kwa maana kadiri mikono inavyokuwa chini ndivyo inavyobeba sehemu kubwa zaidi ya uzito wa mwili.

Mgongo ndio mgumu kuufanyia kazi nyumbani, kwa sababu chumbani hamna kitu cha kuvuta. Begi lile lile linatatua tatizo: inama kuanzia nyonga, mgongo ukiwa umenyooka, shika kiti kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili livute begi hadi ubavuni mpaka usikie bega likirudi nyuma. Kwa watu wanaokaa wameinamia kompyuta, hili ndilo zoezi ambalo ningewasihi wasiliache hata siku wanapokosa muda wa mengine.

Siku tatu kwa wiki zenye mapumziko katikati zinatosha, na nafasi ya mkeka mmoja inatosha pia. Hakuna kuruka kutakakomsumbua jirani. Kuhusu kitambi, mazoezi peke yake hukipunguza taratibu sana ikiwa sukari ya chai na chapati za asubuhi havikuguswa, lakini nguvu za miguu utaziona mapema ukiwa unapanda ngazi.

Mwenye shinikizo la damu asizuie pumzi wakati wa kunyanyua, kwani kufanya hivyo hupandisha presha ghafla. Atoe pumzi anapoinua na kuivuta anaposhusha. Anayesikia maumivu ya kifua au kizunguzungu aache papo hapo na aende kituo cha afya kabla ya kuendelea.