Mbu wa ukame tena?

SWALI: Shikamoo dokta. Niko Kisauni, Mombasa. Nyanya yangu akisema mbu ni wa masika, sasa nasikia homa ya chikungunya inayoletwa na mbu ilizuka Lamu 2004 wakati wa ukame, yawezekanaje? Na ati walijuaje ilitoka huku ikafika Réunion, kile kisiwa cha Bahari ya Hindi, si wanabahatisha tu?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nyanya alikuwa anamsema mbu wa malaria, yule wa madimbwi. Huyu wa chikungunya, mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anauma mchana na anapenda maji ya hapo hapo nyumbani. Sasa 2004 mvua ikakosekana Pwani na joto likazidi, watu wakajaza mapipa na madumu na majabia, na maji umeyapata kwa taabu nani atayamwaga asugue pipa? Mbu wakazaana humo. Joto nalo linafanya kirusi kikomae upesi ndani ya mbu kwa hiyo anaanza kuambukiza mapema. Baadae watafiti walipopima damu za watu wakakadiria robo tatu ya wakaazi wa Lamu walishaambukizwa. Robo tatu, jamani!

Hilo la kubahatisha, hapana. Jenomu ya hiki kirusi, yaani maandishi yake ya urithi, ni kama herufi 11,800 hivi, kila kikijinakili kinakosea mojamoja na kosa linarithiwa. Ni kama meseji ya kufowadi, ukikuta kosa lile lile la spelingi kwenye simu mbili ushajua chanzo kimoja. Walipolinganisha virusi vya Kenya, Komoro na Réunion wakakuta ni ukoo mmoja. Tena Réunion mbu aliyejaa ni wa aina nyingine, albopictus, na sampuli za mwanzo za 2005 zilikuwa na herufi ya zamani, za baadae herufi moja imebadilika kwenye protini ya ganda, na hiyo moja tu ndo iliyokifanya kirusi kimuingie albopictus kirahisi. Zaidi ya theluthi ya kisiwa wakaugua. (Jina chikungunya lenyewe ni la Kimakonde, la kujikunja kwa maumivu, tangu mlipuko wa 1952 kusini mwa Tanganyika.)

Na wewe hapo Kisauni maji yakikatika, kufunika pipa pekee hakutoshi. Sugua kuta zake kwa brashi, maana mayai yanaganda juu kidogo ya maji, na pipa likikauka hata miezi yanangoja tu ulijaze tena.