Picha za vidudu vya nafaka: kabla ya lenzi ya makro, shughulikia mwanga

Mkuu, umeuliza kama ujichange ununue lenzi ya makro (ya kupigia vitu vidogo kwa karibu) ya milimita 100, kwa sababu wadudu unaowatoa kwenye gunia la mahindi, ukiwapiga kwa Canon yako na lenzi ya 18-55, wanatoka weusi na doa jeupe mgongoni, na hujui kama ni fukusi au dumuzi. Ushauri wangu: hiyo hela iache kwanza. Lenzi mpya itakukuzia hilo doa tu.

Mbawakawa wengi wana mabawa ya juu magumu yanayong'aa, na kitu kinachong'aa hurudisha sura ya taa inayokimulika. Flashi ya kamera ni taa ndogo, kwa hiyo inajichora mgongoni kama nukta iliyoungua na kuacha giza pembeni. Taa ikiwa pana na karibu, ile nukta inatawanyika na mistari ya vishimo vya mabawani inajitokeza. Mimi natumia kopo jeupe la mtindi. Nimetoboa kitako, lenzi inapita hapo, mdudu anakaa mdomoni mwa kopo, na flashi ya nje yenye waya inapiga ukuta wa kopo kwa juu. Ndani nimebandika karatasi laini ya jikoni ili mwanga ulainike zaidi. Flashi iweke kwenye nguvu ndogo, 1/8 au 1/16 ya nguvu yake yote, shata (muda wa kunasa picha) sekunde 1/200, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 100 au 200. Kwa nguvu hiyo mmweko ni mfupi mno, hivyo hata mdudu akitembea au mkono ukicheza kidogo, picha haichezi.

Sasa ukuzaji. Fukusi wa mahindi ana milimita 2.5 hadi 4. Sensa, kile kipande cha ndani kinachonasa picha, kwenye Canon za aina yako ina upana wa milimita 22 na kidogo, kwa hiyo hata kwa 1:1, yaani mdudu akitua kwenye sensa kwa ukubwa wake halisi, ambayo ndiyo kikomo cha lenzi nyingi za makro, mdudu wa milimita 3 anachukua kama sehemu moja ya saba ya upana wa picha. Lenzi uliyonayo inaweza kupita hapo ukiigeuza mbele nyuma. Tafuta pete ya kugeuzia, ni kipande cha chuma cha bei ndogo kinachoshikisha lenzi kwenye kamera ikiwa imegeuzwa. Kabla hujaichomoa lenzi, weka tundu lake la kupitisha mwanga kwenye f/8, shikilia kitufe cha kuonjea kina cha fokasi (depth of field preview), kisha ichomoe kamera ikiwa imewaka. Tundu litabaki limefungwa hapo hapo. Ukivuta zumu hadi 18 unapita 2:1. Kujua umefika wapi, piga picha rula: zikionekana milimita 22 uko 1:1, zikionekana 7 uko kama 3:1. Lenzi ikiwa imegeuzwa, kioo cha nyuma kinabaki wazi, kwa hiyo vumbi la unga lisikusogelee.

Usishawishike kufunga tundu hadi f/16 ukitaka sehemu kubwa ionekane kwa ukali. Kwa 3:1, f/16 inafanya kazi kama f/64 na picha nzima inapoteza ukali. Baki f/5.6 hadi f/8, ukubali kwamba sehemu iliyo kali haifiki hata robo ya milimita. Kwa mdudu aliyekufa unapiga picha nyingi huku ukisogeza kamera kidogo kidogo, kisha programu inaziunganisha. Mimi natumia Zerene Stacker. Kwa aliye hai, njia pekee ninayoiamini ni kulaza ubavu wake sambamba na sensa na kulenga jicho. Usizungushe pete ya fokasi, sogea wewe mwenyewe mbele na nyuma.

Kabla ya mahindi, ningekuomba uanze na kunde. Chukua kunde zilizoanza kutobolewa, ziweke kwenye chupa ya kioo yenye kitambaa mdomoni. Mbawakawa wa kunde, Callosobruchus maculatus, akishakuwa mkubwa hahitaji chakula kabisa, na kwenye joto letu kizazi kizima kinachukua kama mwezi. Jike anagandisha yai juu ya ganda la kunde. Yai bichi linapitisha mwanga, karibu halionekani. Kiluwiluwi akishatoka anachimba moja kwa moja kuingia kwenye punje, na uchafu wake unajaza ganda la yai, ndiyo maana linageuka jeupe. Baadaye anapokaribia kutoka, utaona kidirisha cha duara, ngozi nyembamba tu ya kunde imebaki. Subiri hapo na kopo lako. Kifuniko kinasukumwa, kwanza kinatokea kichwa na papasi (antena), halafu miguu ya mbele inashika ukingo wa tundu. Hakuna picha ninayoipenda kuliko hiyo, na inapatikana jikoni.

Ukirudi kwenye mahindi, piga ubavu, usipige mgongo. Fukusi ana pua ndefu inayotokeza mbele, na papasi zimeota juu yake. Mara nyingi mabawani ana madoa manne mekundu. Ukimgusa anajifia, anakunja miguu, nawe unapata muda wa kumpanga. Unga ulioganda kwenye vishimo vyake mimi siufuti, maana ndiyo makazi yake. Dumuzi ana mwili wa mviringo kama kipande cha penseli, kichwa kimeinama chini ya kifua kiasi kwamba kwa juu hukioni, na nyuma mabawa yanaishia ghafla kama yamekatwa kwa kisu. Huyo ndiye wakulima wa Tabora walimwita Skania alipoanza kuwamalizia mahindi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati.

Chupa ya kunde ukimaliza nayo iweke friza wiki nzima kabla ya kumwaga. Na ubavu ukionyesha dumuzi, acha kamera, mpigie bwana shamba leo. Kama mahindi bado yako kwenye magunzi, yapukuchue haraka, maana anastawi zaidi humo, kisha yakikauka vizuri yatie kwenye mifuko isiyopitisha hewa.